Kompyuta 12, hatua moja: kisa cha injini ya sataranji kwenye maabara ya shule Mtwara

Mwezi Mei 2024 sisi wa Kusini tuliishi kama watu wa kisiwani. Kimbunga Hidaya kilipita mwanzoni mwa mwezi na mvua zake, barabara ya kwenda Dar es Salaam ikakatika maeneo ya Somanga kule Kilwa, na kabla watu hawajapumua, nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari zikapata hitilafu. Malori yalilala njiani. Kwenye simu kile kiduara kilizunguka mpaka unaiweka mezani na kuendelea na shughuli nyingine. Swichi ya gigabiti (kifaa cha kuunganisha kompyuta) niliyoagiza Kariakoo kwa ajili ya maabara ya kompyuta ilikuwa ndani ya mojawapo ya malori hayo.

Maabara yenyewe ipo kwenye shule moja ya sekondari hapa Mtwara mjini, na mimi ndiye fundi wake. Ina kompyuta 12 za mezani, zote mtumba. Kumi zina prosesa za Core i3 za kizazi cha pili, mbili ni Core 2 Duo za zamani zaidi, na zote zina viini viwili viwili vya kufanyia hesabu. RAM ni gigabaiti 4 kila moja. Zimeungwa kwa kebo kwenye swichi ya megabiti 100. Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu swali lililokileta nimeulizwa tena na tena na walimu wa shule nyingine: je, kompyuta nyingi za maabara zikifungwa pamoja zinaweza kuwa injini moja ya sataranji, yaani programu ya kutafuta hatua bora, yenye nguvu mara nyingi zaidi? Jibu ninalosikia watu wakipeana ni lile lile nililolitoa mimi siku ya kwanza, kwamba inawezekana. Jibu hilo si sahihi, na linapoteza siku za watu.

Klabu ya sataranji ya shule, au chesi kama wanafunzi wenyewe wanavyoiita, ilikuwa imemaliza mashindano ya ndani. Wachezaji walikuwa 16, kila mmoja akicheza na kila mwenzake mara moja, kwa hiyo michezo 120. Hatua zote zilikuwa zimeandikwa kwenye madaftari, na vijana wawili walikaa jioni tatu kuziingiza kwenye kompyuta. Siku za kawaida mlezi wa klabu, mwalimu wa hisabati, huipakia michezo hiyo kwenye Lichess, tovuti ya sataranji, injini za huko zikaichambua, kila mwanafunzi akaona alipoharibu. Mwezi ule hakukuwa na kupakia chochote.

Akanifuata maabara.

“Fundi, hapa ndani zimekaa kompyuta kumi na mbili. Ukizifunga zote zikawa kama moja, si tunapata injini yenye nguvu mara kumi na mbili?”

“Inawezekana, mwalimu. Nipe siku mbili tu.”

Nilimaanisha. Injini iitwayo Stockfish ilikuwa tayari kwenye flash yangu, toleo la 16.1. Nilijua pia kwamba injini za sataranji huzungumza kwa maandishi matupu, kwa itifaki ya UCI ambayo Stefan Meyer-Kahlen na Rudolf Huber waliitoa mwaka 2000. Unaiandikia injini mkao wa ubao, unaiamuru ifikiri, inakujibu kwa mstari mmoja wenye hatua iliyoiona bora. Kitu kinachozungumza kwa maandishi kinaweza kuzungumza kupitia waya. Kwa SSH, njia ya kuendesha kompyuta nyingine kupitia mtandao, kompyuta yangu ya mbele inafungua injini kwenye kompyuta namba 5, inaiandikia, inasoma jibu, kana kwamba injini hiyo ipo hapo hapo mezani. Sehemu hiyo ilikwenda vizuri tangu asubuhi ya kwanza, na mtu yeyote mwenye Linux na kebo nzima anaweza kuifanya.

Ugumu ulikuwa kwenye kugawa kazi.

Nilichokifanya ndicho kinachomjia kila mtu kichwani. Katika mkao wowote wa katikati ya mchezo mchezaji huwa na hatua thelathini na kitu anazoruhusiwa kucheza. Nilichukua mkao mmoja kutoka mchezo wa mwisho wa mashindano, wenye hatua 36. Kompyuta 12, hatua 36, kila kompyuta tatu. UCI ina amri ya searchmoves, ambayo huiambia injini itazame hatua ulizoitajia peke yake. Skripti yangu, programu fupi niliyoiandika, ilizitawanya hatua, kila kompyuta ikatafuta mpaka kina nilichotaka, yaani idadi ya hatua za mbele, kisha ikarudisha hatua yake bora na alama zake. Kompyuta ya mbele inachukua yenye alama kubwa kuliko zote. Kwenye karatasi hakuna kasoro.

Kompyuta moja ya Core i3 peke yake ilifika kina hicho kwa sekunde 58. Zote 12 kwa pamoja zilitumia sekunde 34.

Nilidhani ni mtandao. Nikabadilisha kebo mbili, nikabana upya vichwa vya nyingine tatu, nikahamisha kompyuta ya mbele kwenye tundu jingine la swichi. Sekunde 34. Nikapima mawasiliano yenyewe: ujumbe kwenda na kurudi ulichukua chini ya nusu ya milisekunde, na katika utafutaji mzima kila kompyuta ilipokea ujumbe mmoja na kurudisha mmoja. Mtandao haukuwa na kazi yoyote ya kuuchosha. Nikaangalia tena muda wa kila mashine, moja moja. Ile iliyopewa hatua iliyokuja kushinda ilitumia sekunde 34, na nyingine nyingi nazo zilikuwa zimehangaika karibu muda huo huo kwa hatua ambazo hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza angezitupa.

Hapo ndipo nilipokaa chini nikafikiri kuhusu injini badala ya waya.

Nilimweleza mlezi kwa mfano wa feri, pale wanapotua samaki. Umekwenda kununua, na sharti ni hili: fungu unachagua wewe, lakini samaki wa kukupa anachagua muuzaji, na atakupa aliye mbovu kuliko wote katika fungu hilo. Fungu la kwanza unalikagua lote, samaki kwa samaki, mpaka unajua kwamba mbovu wake ni changu mdogo, lakini mzima. Sasa una kipimo mkononi. Unakwenda fungu la pili, unafunua, wa kwanza tu ameoza. Unaondoka. Huna haja ya kukagua waliobaki, hata kama chini yao amelala nguru wa kilo tano, kwa sababu huyo nguru hutapewa. Fungu la tatu vivyo hivyo. Kazi kubwa yote umeimaliza kwenye fungu la kwanza, mengine unayapita kwa kutupa jicho.

Fungu ni hatua yako. Samaki ni majibu ya mpinzani. Kukatiza huku ndiko kunakoitwa alfa-beta, na ndiko kunakoifanya injini iweze kucheza.

Sasa watume watu 12 feri kwa mpigo mmoja, kila mmoja na mafungu yake matatu, bila simu. Hakuna hata mmoja mwenye kipimo. Kila mtu analikagua fungu lake la kwanza samaki kwa samaki, pamoja na wale waliopangiwa mafungu yanayonuka kutoka mbali. Watu 12 wametoka jasho la watu 12, na umeokoa muda kidogo tu.

Mlezi ni mtu wa hisabati, akataka tarakimu. Wanasayansi wa kompyuta Donald Knuth na Ronald Moore walishaichambua alfa-beta mwaka 1975, wakaonyesha idadi ndogo kabisa ya mikao ya mwisho ambayo lazima itazamwe hata kama hatua zimepangwa kwa ubora tangu mwanzo. Tukaihesabu ubaoni, kwa chaki, kwa mti wenye hatua 36 kila mkao na kina cha hatua 8. Bila kukatiza ni 36 mara yenyewe mara nane, zaidi ya trilioni 2.8. Kwa alfa-beta iliyopangika vizuri ni 3,359,231 tu. Kati ya hizo, tawi la hatua ya kwanza peke yake linakula 1,726,271, zaidi ya nusu. Matawi 35 yaliyobaki yanagawana kilichosalia, 46,656 kila moja.

Mwalimu akaweka chaki chini. Jibu lilikuwa limeshaonekana. Katika mgawanyo wangu kila kompyuta ilikuwa na “hatua ya kwanza” yake, hivyo kila moja ilipaswa kulipa 1,726,271, kisha 46,656 mara mbili kwa zile hatua zake mbili nyingine. Jumla 1,819,583 kila mashine. Gawanya 3,359,231 kwa hiyo, unapata 1.85. Hapo ni pale ambapo kila kitu kimekwenda sawa. Mashine 12 kwa pamoja zinatazama mikao karibu milioni 21.8 ili kufanya kazi ya milioni 3.36, na zinamaliza kwa muda ambao haujapungua hata kufika nusu. Kipimo changu cha 58 kwa 34 ni 1.7.

Nililikokotoa tena nyumbani usiku, kwa sababu nilitaka liwe na kosa. Halikuwa nalo.

Mtu atasema basi wapeane simu: mwenye kupata kipimo awatangazie wenzake. Ni kweli, na ndilo wazo sahihi, lakini UCI haina amri ya kuiambia injini inayotafuta kwamba “mwenzako ameshapata kiasi hiki, chini yake usijisumbue.” Lazima uingie ndani ya programu yenyewe. Na hata ukiingia, kipimo kinachelewa kupatikana, kwa kuwa anayekitafuta ni mmoja na wengine wote wanasubiri.

Wataalamu waliopita njia hii kabla yetu waliukubali ule usubiri na kuujenga kuwa kanuni. Rainer Feldmann na wenzake wa Chuo Kikuu cha Paderborn, Ujerumani, waliokuwa na programu iitwayo Zugzwang, waliweka sharti kwamba katika kila tawi hatua ya kwanza itafutwe mpaka mwisho kwanza, ndipo hatua nyingine zigawiwe kwa prosesa zilizo huru. Hatua hizo nyingine waliziita ndugu wadogo wanaosubiri. Mtu aliyelelewa huku Pwani hahitaji maelezo marefu: sinia likiwekwa, mkubwa ananawa na kutia mkono kwanza. Kwa kanuni hiyo waliiendesha Zugzwang kwenye prosesa mpaka 1,024, na hata hivyo kasi waliyoipata ilikuwa chini sana ya mara 1,024. Deep Blue, mashine ya IBM iliyomshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov kwa 3.5 dhidi ya 2.5 kule New York mwezi Mei 1997 ilikuwa kompyuta 30 zikishirikiana, lakini nyuma yake kulikuwa na chipu 480 zilizotengenezwa kwa ajili ya sataranji tu, na swichi ya ndani ambayo bei yake sitaki hata kuiwaza. Mwaka 2015 Jonny ilichukua ubingwa wa dunia wa programu za sataranji mjini Leiden ikiwa na viini 2,400. Inawezekana, basi. Gharama yake ndiyo inayofichwa na lile jibu la “funga zote ziwe moja.”

Stockfish ya leo inatumia njia nyingine ndani ya kompyuta moja. Viini vyote vinatafuta mkao ule ule kwa wakati mmoja, huku vikisoma na kuandika kwenye jedwali moja la kumbukumbu: kimoja kikigundua kwamba mkao fulani ni mbaya, kingine kikiufikia kinakuta maandishi hapo na kuupita. Ni nzuri sana, mradi jedwali lipo kwenye RAM ya pamoja. Kuchungulia RAM ni suala la sehemu ya milioni ya sekunde, au chini ya hapo. Kuuliza kompyuta ya jirani kupitia swichi yetu ni karibu nusu ya milisekunde, na ndani ya muda huo kiini kimoja cha Core i3 kingekuwa kimeshatazama mikao 200 mipya. Ni bora kitazame chenyewe kuliko kuuliza. Lipo tawi la Stockfish linalojaribu kushirikisha jedwali hilo kati ya kompyuta kwa kutumia MPI, utaratibu wa programu kutumiana ujumbe kati ya kompyuta, nililiunda na kulijaribu kwa siku nzima ya Jumamosi. Kwenye megabiti 100 sikuona faida ya kuizungumzia.

Siku mbili nilizoomba zilikuwa zimekuwa sita. Mlezi alikuja na swali ambalo lilifungua kila kitu, ingawa aliliuliza kwa masikitiko.

“Mbona korosho zinagawanyika, fundi? Gunia moja ukiwapa akina mama kumi na wawili wabangue, linaisha haraka mara kumi na mbili.”

Zinagawanyika kwa sababu anayebangua korosho hii hana haja ya kujua ya jirani ilikuwaje. Kila moja ni kazi nzima, ina mwanzo na mwisho wake. Na ile michezo 120 iliyokuwa imelala kwenye flash ilikuwa gunia la korosho. Hatukuwahi kuhitaji injini moja yenye nguvu mara 12. Tulihitaji michezo 120 ichambuliwe, na mchezo wa asubuhi ya Jumanne hauhitaji kujua lolote kuhusu wa Alhamisi. Nilikuwa nimepambana siku sita na kazi isiyogawanyika huku inayogawanyika ikiwa mezani.

Waendelezaji wa Stockfish wenyewe wanafanya hivyo. Tangu mwaka 2013 wana mfumo uitwao Fishtest, ulioanzishwa na Gary Linscott, ambao huchukua kila badiliko linalopendekezwa na kulijaribu kwa maelfu kwa maelfu ya michezo kwenye kompyuta za watu wa kujitolea. Hakuna anayejaribu kuzifunga ziwe moja. Kila kompyuta inapewa michezo yake mizima, inacheza, inarudisha matokeo. Uchambuzi wa Lichess tuliokuwa tukiutumia siku zote nao unafanywa namna hiyo, na kompyuta za watu waliojitolea.

Niliandika upya skripti kwa Python, fupi kuliko ya kwanza. Kompyuta ya mbele inashika kapu la michezo. Kila kompyuta ikiwa haina kazi inachota mchezo mmoja, inauchambua mkao kwa mkao, inarudisha, inachota mwingine. Sikugawa kumi kumi tangu mwanzo, kwa sababu zile Core 2 Duo mbili ni za polepole na zingebaki na mzigo wakati wenzao wamemaliza. Kwa kapu, mwenye mwendo anachota zaidi, na hakuna anayemsubiri mwenziwe.

Mambo mawili yalinikwaza katika kazi hii, nayo yanastahili kuelezwa kwa wengine.

La kwanza ni aina ya faili la injini, na lilinikuta kabla hata ya jaribio la kwanza. Stockfish hutolewa kwa miundo tofauti kulingana na prosesa. Ule uliokuwa kwenye flash ulikuwa wa prosesa zinazoelewa maagizo mapya yaitwayo AVX2, na Core i3 za kizazi cha pili hazina AVX2, kwa hiyo injini ilikufa pale pale inapofunguliwa, na ujumbe wa maagizo yasiyojulikana. Zikahitaji muundo wa maagizo ya zamani zaidi, SSE4.1 pamoja na popcnt. Core 2 Duo nazo hazina popcnt, zikahitaji mwingine wa chini yake. Kuipata miundo hiyo miwili kwa intaneti ya siku zile kulinichukua usiku mzima, kuanzia saa sita mpaka adhana ya alfajiri.

La pili ni la haki, na hili nalijali kuliko yote. Mwanzoni niliiamuru kila injini itazame kila mkao kwa sekunde kumi. Mlezi akaniuliza: mtoto ambaye mchezo wake umeangukia kwenye Core 2 Duo, si atakuwa amechambuliwa juu juu kuliko mwenzake? Ndivyo ilivyo. Sekunde kumi za mashine ya polepole si sekunde kumi za mashine ya kasi. Tukaacha kupima kwa saa, tukapima kwa kazi: kila mkao mikao milioni 5 ya utafutaji, iwe kwenye mashine gani. Tena nikaipa kila injini kiini kimoja tu, na kuamuru jedwali lake lisafishwe kabla ya kila mchezo. Viini viwili vinaposhirikiana ndani ya utafutaji mmoja, matokeo hutofautiana kidogo kila unaporudia, kwa kuwa inategemea nani kaandika kwanza kwenye jedwali. Kwa kiini kimoja na idadi maalumu ya mikao, jibu ni lile lile leo na kesho, kwenye mashine ya kwanza na ya mwisho. Kila kompyuta ikabeba injini mbili zisizojuana, kila moja na mchezo wake. Jedwali nikaliweka megabaiti 512 kwa kila injini, RAM ibaki na pumzi.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Mchezo mmoja wa vijana wetu una kama mikao 80 ya kuchambua. Michezo 120 ni mikao 9,600. Kiini cha Core i3 chetu kinatazama karibu 400,000 kwa sekunde, hivyo mkao mmoja sekunde 12.5, na kazi nzima kwa kiini kimoja ni sekunde 120,000, saa 33 na dakika 20. Kwa viini 24, ukichukulia vyote vina kasi ya Core i3, inashuka mpaka dakika 83.

Tulianza Ijumaa saa kumi jioni. Kompyuta namba 7 haikuwaka kabisa. Hili ni jambo la kila mwezi kwetu, maana shule haiko mbali na maji na hewa ya chumvi inakula kila kilicho cha chuma. Nikafungua, nikachomoa RAM, zile meno zake za dhahabu zilikuwa zimeshika weusi. Unachukua kifutio cha penseli, kile cha mwanafunzi, unasugua taratibu upande mmoja mpaka zing’ae, unageuza, unapuliza mavumbi ya kifutio, unarudisha mpaka usikie vile vibanio viwili vikilia tak. Ikawaka. Baada ya dakika ishirini ikaanza kurudisha kazi kwa nusu ya mwendo wa wenzake. Feni ilikuwa imejaa vumbi, prosesa inapata joto na kujipunguzia kasi yenyewe. Katika mgawanyo wangu wa kwanza mashine moja ya namna hiyo ingewachelewesha wote, kwa sababu jibu lilikuwa linasubiri wa mwisho. Hapa ilichota michezo michache tu, basi.

Saa kumi na moja na nusu umeme ukakatika.

Kompyuta ya mbele ilikuwa kwenye betri ya akiba, nyingine zote zikazima. Nilikuwa nimeiandika skripti iweke matokeo ya kila mchezo kwenye diski unapomalizika tu, na mchezo uliochotwa bila kurudishwa urudi kapuni baada ya muda. Kwa hiyo umeme ulipotuondokea tulikuwa tumepoteza michezo isiyozidi 24, ile iliyokuwa mikononi. Umeme ulirudi baada ya Isha. Tuliziwasha moja moja, zikaanza kuchota zenyewe. Mchezo wa mwisho ulirudi saa tatu kasoro kidogo usiku. Ukiondoa muda wa giza, kazi nzima ilitumia chini ya saa mbili na nusu. Swichi ya megabiti 100 niliyokuwa nikiilaumu wiki nzima haikufikishwa hata kwenye asilimia moja ya uwezo wake. Mchezo mzima kwa maandishi ni kitu cha kilobaiti moja.

Jumatatu kila mwanafunzi alipewa karatasi yake. Nitaeleza moja. Binti wa kidato cha pili alikuwa ametoka sare mchezo ambao wote waliamini ulikuwa sare tangu mwanzo wa mwisho wake, hata yeye mwenyewe. Mfalme wake mweupe d4, askari wake e3, mfalme mweusi e7 (herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari wake), na ni zamu yake. Ubaoni hakuna kingine. Alisogeza askari kwenda e4. Karatasi iliandika kwamba kabla ya hatua hiyo alikuwa anashinda, na baada yake alama ni sifuri, yaani sare. Hatua iliyopendekezwa ilikuwa mfalme kwenda e5.

Akabisha. “Mwalimu, mashine imekosea. Askari si ndiye anayetakiwa kufika?”

Mlezi hakumjibu. Alichukua ubao, akaupanga mkao ule, akakaa upande wa weusi, akamwambia acheze alivyocheza. Askari e4, mweusi d6, na kila alivyosukuma mfalme mweusi alikuwa amesimama mbele yake, mpaka akaishia kumfungia mweusi bila njia wala shaha, yaani sare. Wakapanga tena. Safari hii akampeleka mfalme e5. Mweusi akarudi d7, binti akaingia f6, mweusi akakosa pa kusimama. Na yule askari alipobaki nyuma e3 bado alikuwa na hatua moja ya akiba ya kumrudishia mweusi zamu pale walipokabana. Waliucheza mara nne. Mara ya nne binti alikaa upande wa weusi, akaona mwenyewe kwamba hakuna pa kukimbilia.

Swichi ya gigabiti ilifika barabara ilipofunguka. Ipo kabatini, kwenye boksi lake, tutaifunga siku kompyuta zikiongezeka. Wiki mbili baadaye kondakta wa basi la kutoka Lindi alinipigia nikamsubiri stendi: kulikuwa na flash kwenye bahasha, klabu ya shule rafiki kule imesikia, imetuma michezo 66. Tuliitia kapuni Ijumaa saa kumi jioni.